Mama Pindo Hajapotea

Siku walipohamia mji ule, Fundi Pampu alichukua kisu cha jikoni ili akate kamba iliyofunga gunia la cherehani ya mkewe. Mkewe akamshika mkono.

"Usikate," akasema. "Kamba nzuri hiyo. Tutaihitaji."

"Ya nini tena? Si tumeshafika?"

"Ya kurudia kwetu."

Basi, kisu kikarudi jikoni, na cherehani ikabaki pembeni mwa sebule ndani ya gunia lake, imekazwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Miezi minane! Fundi Pampu aliiona kila alipotoka kwenda kazini na kila aliporudi.

Huyu Fundi Pampu, nikwambie ni nani. Miaka thelathini na mmoja amefanya kazi kwenye mitambo ya maji. Akiweka kiganja juu ya pampu anajua beringi ipi imeanza kulia kabla haijalia. Ni mtu mpole, mwili umejaa kidogo, masikio yamechoka kwa kelele kiasi kwamba ukimnong'oneza unapoteza pumzi yako bure. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na hapo ndipo wakubwa walipomwona wa kumhamisha. Thelathini na mmoja hawakumwona! Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne, na wa nne ulikuwa wa kumtakia kila la heri.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kule walikotoka walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halikuonekana. Ungeligeuza gauni ndani nje, ukatafuta mahali sindano ilipopita, ukachoka ukalivaa. Alikaa kwenye kibaraza kimoja miaka ishirini na miwili, akapinda sare za shule za mabinti na baadaye sare za shule za mabinti wa mabinti hao. Jina hilo lilibaki kule. Huku alikuwa "mama" tu, kama kila mwanamke mwenye mvi mbili tatu.

Wiki ya tatu, wakiwa wamemaliza kula, alisema huku anafuta meza.

"Baba watoto, sikufichi. Mimi nimekuja, lakini moyo haujaja. Umeniambia sherehe yao kubwa ya mwaka ni hiyo Siku ya Mji. Basi nitakaa mpaka siku hiyo. Ikipita, kama moyo bado unakataa, nitarudi nikae na dada. Wewe malizia miaka yako, tutapigiana simu."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo Fundi Pampu alipoogopa. Mama Pindo akigomba, ujue mambo yatapoa. Akisema polepole, ujue ameshapima na ameshakata. Miaka thelathini na miwili ya ndoa hawajawahi kulala mbalimbali zaidi ya wiki moja, na wiki hiyo mwanamume alikula mkate na chai asubuhi, mchana na jioni kwa sababu hakujua chumvi inakaa wapi. Lakini shida haikuwa chumvi. Alimpenda mkewe, basi, na aliogopa nyumba isiyo na mtu wa kumgombeza.

Sasa kwenye ubao wa matangazo kazini kwake kulikuwa na kijitabu kimetundikwa kwa msumari: Mambo Thelathini ya Kuona Katika Mji Wetu. Kila jambo lina picha na maelezo na namba ya basi. Fundi Pampu alikichomoa, akakitia mfukoni, akatembea nacho siku nzima akijisikia ameokoka. Maskini wa Mungu! Fundi ni fundi. Alidhani hata moyo wa mwanamke una kijitabu cha maelekezo. Fuata hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtambo utawaka.

Wakaanza na bustani. Bustani kweli nzuri, sina neno, maua ya aina arobaini na kila ua na kibao chake. Walisimama mbele ya ramani ya kuingilia, yeye na kijitabu, mkewe na mkoba ameushika kwa mikono miwili. Mlinzi akawajia kwa upole.

"Wazee wangu, mmepotea?"

"Hatujapotea," akajibu Mama Pindo. "Tunasoma."

Wakazunguka mpaka saa sita. Fundi Pampu alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala hata lepe, na mbele ya maua ya waridi aliona kila kitu mara mbili. Hakusema. Alipomuuliza mkewe, "Umeyaonaje?" mkewe alijibu, "Mazuri," kwa sauti ya mtu anayejibu karani. Nyumbani alichukua kalamu akaweka alama ya kwanza kwenye kijitabu.

Jumapili iliyofuata makumbusho. Humo alikuta pampu ya zamani, ya mkono, chuma kitupu, na akasimama akimweleza mkewe jinsi valvu yake inavyofunga. Alieleza nusu saa. Alipogeuka, mkewe hayupo. Amekaa kwenye kiti cha mbao kilichochongwa, amevua kiatu kimoja, na mwangalizi wa makumbusho anamkimbilia.

"Mama! Hicho ni cha kuangalia, si cha kukalia!"

"Nimeshakiangalia," akasema Mama Pindo. "Sasa nakikalia."

Fundi Pampu alicheka siku nzima, na mkewe naye alicheka kidogo kwenye basi, na usiku ule mwanamume alilala na matumaini. Matumaini ya mtu aliyechoka hayana akili. Asubuhi gunia lilikuwa palepale.

Ikaendelea hivyo. Tamasha la vishada, upepo ukagoma, watu wazima wamekaa uwanjani na vishada mapajani kama wanalea watoto. Maonyesho ya mabasi ya kale, wakati basi walilokwenda nalo lilikuwa la kale kuliko ya maonyesho. Mashindano ya mitumbwi, ambayo yeye hakuyaona kwa sababu alilala akiwa amekaa, mdomo wazi, na mkewe akamfunika uso kwa kofia ili watu wasimcheke. Na popote waliposimama kupumua, hakosekani mtu wa kuwauliza. Kondakta, askari, kijana anayeuza maji.

"Mmepotea?"

"Hatujapotea!"

Ikafika mahali Mama Pindo alijibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Neno lenyewe lilimuuma. Katika mji aliotoka hakuna mtu angemuuliza hivyo. Huko yeye ndiye aliyeelekeza wageni, akiwa na pini mdomoni.

Binti yao alipiga simu kila mwisho wa wiki. "Baba, mama anafurahia?"

"Anafurahia sana! Nimekutumia picha, hukuziona?"

Binti alikuwa ameziona. Katika kila picha mama yake alisimama mbele ya kitu kikubwa, amekumbatia mkoba, uso wa mtu anayesubiri basi. Binti hakusema kitu. Hii familia yote, ukitaka kujua, ina ugonjwa wa kutosema.

Mwezi wa nane wakafika kwenye mnara. Ngazi mia tatu na kumi. Mama Pindo alihesabu mpaka tisini, akakaa.

"Nenda wewe," akasema. "Ukifika juu nipungie mkono, nitajua nimefika."

Alipojaribu kushuka, mguu ulikuwa umevimba kifundo kizima. Wakarudi kwa teksi, na kwa wiki mbili mwanamke hakutoka mlangoni. Alikaa na mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mumewe alimchemshia maji, akapika, akaunguza, akapika tena. Siku moja alimsogezea kijitabu ili kumchangamsha, akamwonyesha picha za yaliyobaki.

Mama Pindo alifunga kile kijitabu taratibu.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi mwezi wa nane huu bado naonyeshwa maua. Nimechoka kuwa mgeni, baba watoto. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Fundi Pampu alisikia. Ungejua, maana aliinama akaongeza maji ya moto kwenye beseni wakati maji yalikuwa bado ya moto, na mkewe akapiga kelele. Moyoni alijiambia: imebaki Siku ya Mji peke yake. Watu wanasema hakuna anayeiona asiipende. Iko Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Aliomba ruhusa kazini, akanyoa ndevu, akapiga pasi shati mwenyewe na kuacha mkunjo mahali ambapo hata pasi mbovu isingeuacha. Mkewe aliutazama ule mkunjo, akaacha. Mguu ulikuwa umepungua uvimbe. Alivaa viatu vya kawaida, akachukua mkoba, na alipopita pembeni ya sebule aliligusa gunia kwa vidole, kama anaangalia kama kamba bado imekaza. Mumewe aliona.

Barabara kubwa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya maandamano. Ngoma zilisikika mbali, tarumbeta, watoto na bendera ndogo. Fundi Pampu alisimama njia panda, akatoa kijitabu, akakigeuza juu chini.

"Pita huku," mkewe akasema, akakata kona kwenye uchochoro wa maduka.

"Unajuaje huku kunatokea?"

"Najua tu."

Akamfuata. Wakapita kwa fundi viatu, wakapita kwa muuza magazeti, na mkewe hakuangalia kibao hata kimoja. Alitembea kama anavyotembea jikoni kwake. Walipofika mbele ya kiduka chembamba chenye vifungo vimeshonwa kwenye makaratasi mpaka dari, sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka ndani.

"Wee Mama Pindo! Umepotea!"

Mama Pindo aligeuka kwa hasira ya miezi minane.

"Hatujapotea!" akafoka. "Tunajua tunakokwenda!"

Muuza magazeti alishusha gazeti. Mlangoni mwa kiduka alisimama mwanamke mkubwa, pini zimejaa kifuani mwa blauzi, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Jamani! Nani kasema hujui unakokwenda? Nimesema umepotea! Wiki mbili sikuoni! Nikajiuliza, huyu nimemkosea nini? Nimemuuliza huyu wa magazeti, nimemuuliza wa viatu, hakuna anayejua unakokaa. Mtu anapoteaje hivyo, hata salamu hakuna?"

Mama Pindo alisimama barabarani. Neno lilikuwa lile lile. Wote waliomuuliza kabla ni kama walimwambia hawamjui. Huyu alikuwa analalamika kwamba amemkosa. Machozi yakamjaa, akayafuta haraka kwa ncha ya mtandio, na hapohapo akajifanya anakohoa.

"Nilikuwa naumwa mguu," akasema. "Niwie radhi, mwenzangu. Nilikuwa naumwa mguu."

"Pole! Ingia ukae. Na huyu ndiye shemeji? Karibu, shemeji. Mimi naitwa Mama Nyuzi, na mkeo ana kesi hapa."

Fundi Pampu aliingia akiwa haelewi kitu. Sikio lake bovu lilikuwa limesikia vizuri mara moja katika mwaka mzima. Mama Pindo! Jina hilo hakulisikia tangu wapakie mizigo, na hakulitamka yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye alimwita mama watoto. Nani amelileta huku?

Kesi yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kaunta. Sketi tatu, gauni la muuguzi, suruali mbili.

"Yule mwalimu amekataa katakata," akasema Mama Nyuzi. "Nikamwambia nimpelekee fundi mwingine, akasema yeye anamsubiri mama wa pindo lisiloonekana. Muuguzi naye hivyo hivyo. Mimi nauza nyuzi tu, mwenzangu, sasa nimekuwa mlinzi wa sketi!"

Mama Pindo alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, ameshavua viatu, ameshaigeuza sketi ya kwanza na kulitilia shaka pindo lake.

"Nani alianza kulipinda hili?"

"Sijui."

"Mungu amsamehe." Akanyoosha mkono bila kutazama, na Mama Nyuzi akamwekea uzi wa kahawia na sindano mkononi. Ndipo Fundi Pampu alipojua kwamba wamefanya hivyo mara nyingi.

Nje ngoma zilikaribia. Maandamano yalikuwa yanapita barabara kubwa, hatua hamsini tu kutoka pale, na kijitabu kilisema wazi kwamba hapo ndipo pa kusimama. Fundi Pampu alitazama saa. Akafungua mdomo aseme tutachelewa. Akamtazama mkewe, jinsi mabega yalivyoshuka, jinsi alivyokunja uso kwa lile pindo baya kwa furaha ya mtu anayegomba na kitu anachokiweza. Akafunga mdomo. Akakaa juu ya boksi la lastiki, akaegemea majora ya vitambaa, na ndugu yangu, mwili ukamwambia sasa inatosha. Alilala kabla tarumbeta halijamaliza wimbo.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Mtu alikuwa amemwekea kitambaa magotini. Uchochoro umetulia, mfagiaji anakusanya bendera ndogo.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita," akasema mkewe, akikata uzi kwa meno.

"Ilikuwaje?"

"Sikuiona. Ilikuwa na kelele."

Mama Nyuzi akacheka tena. Akazikunja sketi mbili zilizokwisha, akauliza kama jambo la kawaida tu, "Mama Pindo, haya ya mkono yatakumaliza macho. Kwani cherehani huna?"

Fundi Pampu alimgeukia mkewe.

"Ninayo," akasema mkewe. "Bado iko safarini."

Walirudi kwa miguu, polepole, kwa ajili ya kifundo chake. Kwenye kona ya kwanza mumewe akashindwa kuvumilia.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu. Nilikwenda kununua uzi wa kushona kifungo chako. Nikamkuta mteja pindo limemwachia, anataka kwenda kazini. Nikamshonea akiwa amesimama. Akalitafuta pindo asilione, jina wakanipa wenyewe."

"Na hukuniambia?"

Mama Pindo alisimama, akamtazama.

"Kila Jumapili unaniuliza nimeona nini. Hujawahi kuniuliza nimefanya nini."

Lilimwingia. Alitembea nalo hatua kama ishirini, kichwa chini. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kama kawaida ya viziwi, mpaka mtu wa dirishani akageuka:

"Mimi sikuyapenda yale maua."

"Nini?"

"Maua. Na mabasi. Na ule mnara, nilidhani nitafia juu. Natoka zamu sijalala, mama watoto, naona picha mbili mbili. Nilikwenda kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu!" Mama Pindo akapiga makofi. "Mimi nilikwenda kwa ajili yako! Nikasema mzee wa watu amependa matembezi, acha nisimvunje moyo. Mungu wangu. Mguu wote ule!"

Wakasimama katikati ya njia wakitazamana, wazee wawili wenye viatu vya vumbi, na hawakujua kama wacheke au walie, wakafanya kidogo cha kila kimoja. Mpita njia mmoja akawasogelea kwa huruma.

"Wazee wangu, mmepotea?"

"Ndiyo!" akasema Mama Pindo. "Muda mrefu tu. Ahsante, baba, tunafika."

Nyumbani alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akapandisha mguu juu ya stuli. Siku ya Mji ilikuwa imekwisha. Fundi Pampu alisimama katikati ya sebule, mikono imening'inia, akijua siku gani hii na akiogopa kuitaja. Alitazama gunia. Mkewe alimtazama anavyolitazama, akamwacha hivyo kidogo, kwa sababu alistahili.

"Unasubiri nini?" akasema mwishowe. "Kata hiyo kamba."

Mwanamume alipapasa kitu cha karibu mezani, na cha karibu kilikuwa mkasi.

"Thubutu!" Sauti ilitikisa kuta. "Mkasi wangu wa kitambaa ukate kamba? Nitakutoa roho! Kisu kiko jikoni, droo ya pili. Chumvi iko hapo hapo, ujue na hilo."

Akakileta kisu. Kilikuwa butu na kamba kweli ilikuwa nzuri, ikamchukua muda, akipiga goti sakafuni na jasho likimtoka. Ilipokatika alitaka kuizungusha aiweke vizuri, kwa mazoea.

"Hapana," mkewe akasema. "Ikate tena. Vipande vifupi, visifae kufungia kitu."

Akakata. Alipovua gunia vumbi liliruka likatanda sebule nzima, na Mama Pindo akaanza kugomba.